Vibonzo vya Mashujaa na Wajibu wa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu aingiaye darasani leo hukuta wageni waliomtangulia kufika. Yumo Superman kwenye mkoba wa mtoto wa dawati la mbele. Yumo Spider-Man juu ya jalada la daftari. Naye Batman huenda amejificha kwenye fulana iliyovaliwa chini ya sare. Hakuna andalio la somo lililowaita wageni hawa, wala hakuna mkaguzi aliyewaidhinisha. Hata hivyo watoto wanawajua kwa majina, wanazijua nguvu zao na udhaifu wao, na huwazungumza kwa ufasaha ambao aghalabu hawauonyeshi wanapoulizwa maswali ya ufahamu.

Mbele ya jambo hili walimu wengi hushika mojawapo ya njia mbili. Wako wanaokataza: wakikiona kitabu cha vibonzo hukitwaa na kukifungia kabatini. Wako pia wanaopuuza, wakisema kwamba hayo ni mambo ya watoto na yatapita pamoja na utoto wao. Maoni yetu ni kwamba njia zote mbili humwacha mtoto peke yake na kitabu chake. Tunashikilia kwamba iko njia ya tatu iliyo bora, nayo ni kumfundisha mtoto kukihakiki kibonzo: kukisoma kwa makini, kukipima, na kukitolea hukumu yenye sababu mbele ya wenzake ambao nao wamekisoma. Na kwa kuwa mtu hawezi kufundisha asilolitenda, tunashikilia pia kwamba mwalimu hana budi awe kwanza mhakiki miongoni mwa wahakiki wenzake.

Asili ya vibonzo hivi

Kabla ya kukihukumu kitu yafaa kujua kilikotoka. Superman alionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la kwanza la Action Comics, ambalo jalada lake lina tarehe ya Juni 1938. Waliombuni ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Wote wawili walitoka katika familia za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya, na walifikia utu uzima katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi. Haki za shujaa wao waliziuza kwa dola 130. Mwaka uliofuata alitokea Batman, na mwaka 1941 akafuata Wonder Woman.

Msomaji atakayeifungua hadithi ile ya mwaka 1938 akitarajia majitu na vyombo vya angani atashangaa. Shujaa anamwokoa mwanamke aliyekuwa karibu kuuawa kwa kosa asilolitenda. Anamkomesha mume ampigaye mkewe. Anaanza kufuatilia njama baina ya seneta na mtu anayemtumia kwa faida yake. Hayo ni maovu ya mtaani na ya serikalini, ambayo kila msomaji wa siku zile aliyafahamu. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu wengi wanaovilaani vibonzo kwa kusema kwamba havina kitu ila ngumi, husema hivyo bila kuvifungua.

Hukumu iliyotangulia ushahidi

Historia ya vibonzo ina fundisho zito kwa watu wa kazi yetu. Mwezi wa Oktoba 1948, katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la West Virginia, wanafunzi wa shule walikusanya vibonzo vyao, wakavirundika na kuvitia moto, huku wakubwa wakiunga mkono. Moto uliwashwa na watoto, lakini hukumu walikuwa wameipokea kutoka kwa wakubwa. Mwaka huohuo watoto wa miji mingine walifanya vivyo hivyo.

Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Fredric Wertham alichapisha kitabu, Seduction of the Innocent, kilichodai kwamba vibonzo vinawaharibu watoto na kuwasukuma katika uhalifu. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo kamati ndogo ya Baraza la Seneti ilikaa New York kuchunguza jambo hilo, naye Wertham alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi. Wachapishaji wakaogopa. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamejitungia kanuni kali za kujichuja wenyewe. Kanuni mojawapo ilikataza askari, mahakimu na watumishi wa serikali wasionyeshwe kwa namna itakayowavunjia heshima. Mwanachuo na aufikirie mfano wetu wa hapo juu: chini ya kanuni hiyo, hadithi ya kwanza ya Superman pamoja na seneta wake ingekuwa mashakani. Baadhi ya wachapishaji walifunga kazi. Mwaka 1971 kanuni zililegezwa, na zilidhoofika kidogokidogo hata zikaachwa kabisa mwaka 2011.

Tusidhani kwamba Wertham alikuwa mtu mwovu. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waliofungua kliniki huko Harlem ili kuwatibu maskini, wengi wao Wamarekani weusi waliofungiwa milango kwingineko. Ushahidi wake juu ya madhara ya kuwatenga watoto weusi mashuleni ulitumika katika kesi ya jimbo la Delaware, ambayo ilikuwa moja ya zile zilizofikia hukumu maarufu ya mwaka 1954 iliyobatilisha utengano huo. Alikuwa mtu wa huruma aliyewapenda watoto. Lakini mwaka 2012 Carol Tilley, mtaalamu wa elimu ya maktaba wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha matokeo ya kuzichunguza karatasi zake zilizohifadhiwa, akaonyesha kwamba maneno ya watoto yalikuwa yamebadilishwa, mengine yameunganishwa, na mengine yameachwa, ili yakubaliane na hukumu iliyokwisha kupitishwa.

Hapo ndipo penye fundisho. Mapenzi kwa watoto hayatoshi kumfanya mtu awe mhakiki wa haki. Wertham aliwasikiliza watoto, kisha akaandika walichopaswa kusema. Ni mara ngapi sisi walimu huuliza swali darasani huku jibu tukiwa nalo mfukoni, na mtoto akijibu vingine tukampita na kumtafuta yule atakayesema tunachotaka?

Walimu waliofungua mjadala

Kuna mfano wa upande wa pili. Mwezi wa Machi 1961 lilitoka toleo la kwanza la kijarida kiitwacho Alter Ego, kilichokuwa na habari na uchambuzi wa vibonzo vya mashujaa. Hakikuwa na mtaji wala kiwanda. Kilitolewa kwa mashine ndogo ya kunakilia, ya aina iliyotumiwa mashuleni kutolea mitihani. Mhariri wake, Jerry Bails, alikuwa mwalimu wa sayansi katika chuo kikuu huko Detroit. Aliyeshirikiana naye, Roy Thomas, alifanya kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Thomas aliajiriwa na Marvel mwaka 1965, na mwaka 1972 akawa mhariri mkuu baada ya Stan Lee.

Watu wale walivipenda vibonzo, lakini mapenzi yao hayakuwazuia kuuliza: Je, hadithi hii imejengwa vizuri? Mchoro huu unasema nini? Toleo hili limezidi lile la zamani au limepungua? Waliandikiana barua, wakabishana, wakasahihishana. Polepole wasomaji wakawa wahakiki, na baadhi ya wahakiki wakawa watungaji.

Wahakiki mezani

Katika chuo tunakofundisha, wakufunzi wanne wa masomo mbalimbali tumejiwekea desturi ya kukutana mara moja kila muhula kuhakiki kibonzo kipya au cha zamani. Kanuni zetu ni tatu. Kwanza, kila mmoja asome mara mbili kabla ya kufika: mara ya kwanza kwa raha, mara ya pili kwa kalamu. Pili, mtu asitoe hukumu yoyote bila kuweka kidole juu ya picha au neno linaloithibitisha. Tatu, anayetaka kumpinga mwenzake aanze kwa kuyarudia maoni yake, hata mwenzake akiri kwamba ameyaeleza sawasawa.

Kanuni ya pili ndiyo uti wa mgongo. Katika ushairi mtu aweza kujificha nyuma ya maneno mapana. Katika kibonzo hawezi, maana picha iko mezani na macho yote yanaiona. Anayesema kwamba mchoraji amewadharau wanawake, na aonyeshe wapi. Anayesema kwamba hadithi inatia moyo, na afungue ukurasa.

Tuchukue mfano wa kitabu kipya. Mwezi wa Oktoba 1939 Batman alikuwa bado na miezi michache tu tangu azaliwe. Mwezi wa Oktoba 2024 ulitoka mfululizo uitwao Absolute Batman, ulioandikwa na Scott Snyder na kuchorwa na Nick Dragotta. Kila mtoto anajua kwamba Bruce Wayne ni tajiri, mrithi wa jumba kubwa, yatima wa baba na mama. Watungaji hawa wamemnyang'anya mali. Bruce wao ni mtoto wa watu wa kawaida. Mama yake yu hai. Na baba yake alikuwa mwalimu, aliyeuawa na mtu mwenye bunduki wakati alipokuwa na wanafunzi wake katika ziara ya bustani ya wanyama.

Mmoja wetu alisifu. Alisema kwamba Batman wa zamani aliwapiga wahalifu maskini usiku na kurudi kulala katika jumba la kifahari, lakini huyu anaujua mtaa anaoutetea. Mkufunzi wa sanaa akaweka kidole juu ya mwili wa shujaa, ambao umechorwa mpana kupita kiasi cha mwanadamu. Akasema: fedha hazikuondoka, zimetolewa mfukoni na kutiwa mikononi. Shujaa amekuwa maskini wa mali, lakini hadithi bado haiamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kutenda jambo kubwa akiwa na mwili wa kawaida. Mkufunzi wa tatu akauliza juu ya yule baba. Mwalimu anayewakinga wanafunzi wake mbele ya bunduki, asiye na nguvu wala vazi la ajabu, je, si yeye shujaa wa hadithi hii? Kwa nini hadithi inamhitaji afe ili mwingine aanze?

Hatukukubaliana, wala haikuwa lazima. Tulikubaliana juu ya jambo moja: kitabu hicho kina damu nyingi na hakifai kupewa watoto wa shule ya msingi. Lakini mazungumzo juu ya mwalimu yule yanawafaa sana wanachuo. Hiyo ni kazi nyingine ya mhakiki: kutofautisha baina ya kitabu kibaya na kitabu kizuri kisichomfaa msomaji fulani.

Mfululizo mwingine mpya, Ultimate Spider-Man wa mwaka 2024, ulioandikwa na Jonathan Hickman na kuchorwa hasa na Marco Checchetto, ulitufunza jambo la pili. Spider-Man wa mwaka 1962, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko, ni kijana wa shule aliyefiwa na baba yake mlezi. Huyu mpya ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, anayepata nguvu zake baada ya majukumu kumwelemea tayari. Asiyeijua hadithi ya zamani hawezi kuona kilichogeuzwa. Kwa hiyo basi, mhakiki wa vitabu vipya hana budi kuwa msomaji wa vitabu vya zamani, au awe na mwenzake mezani aliyevisoma.

Mfano uliotushughulisha kuliko yote unatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walitoa toleo maalumu la X-Men, Giant-Size X-Men, ambamo kundi jipya la mashujaa linakusanywa kutoka nchi mbalimbali. Mmojawapo ni Ororo, aitwaye Storm, msichana mwenye uwezo wa kuamuru mvua na upepo. Profesa Xavier anamkuta Kenya, ambako watu wanamwabudu kama mungu wao na kumwomba mvua. Profesa anamwambia kwamba yeye si mungu, anamwalika kuondoka, naye anakubali.

Mkufunzi wa Kiswahili alifurahi. Alisema kwamba mwaka 1975 lilikuwa jambo kubwa kwa mwanamke mwenye asili ya Afrika kuwekwa safu ya mbele pamoja na mashujaa wa mataifa mengine. Mkufunzi wa sanaa akaweka kidole juu ya wale watu wa kijiji: hawana majina, wamepiga magoti, na kazi yao katika hadithi ni kuomba tu. Wa historia akaongeza kwamba mwaka 1975 Kenya ilikuwa imetimiza miaka 12 ya uhuru, ina bunge, magazeti na chuo kikuu. Kwa nini hata kimoja hakikuonekana katika picha? Wa nne akatahadharisha kwamba tunahukumu toleo moja. Matoleo yaliyofuata yalimpa Ororo mama wa Kenya na baba wa Marekani, na baadaye akawa kiongozi wa kundi lote. Basi na isemwe wazi kwamba hukumu yetu inahusu kurasa zile chache.

Kutokana na mjadala huo tulipata swali ambalo sasa tunaliuliza juu ya kila kibonzo cha shujaa: Je, wenyeji walifanya nini kabla shujaa hajafika? Katika vibonzo vingi jibu ni kwamba hawakufanya kitu, walitazama juu. Hapo ndipo tunapoona hatari iliyo kubwa kuliko ngumi. Shujaa ashukaye angani aweza kumzoeza mtoto kungoja. Kijiji kisicho na maji kinahitaji watu wa kuchimba kisima, na mtoto aliyezoea kutazama juu atachelewa kushika jembe. Dawa yake ni kumpa mtoto swali hilo alichukue kila aendako.

Shujaa wa kigeni na shujaa wa kwetu

Uhakiki hukua kwa kulinganisha, na mwalimu wa Afrika Mashariki ana hazina ya kulinganishia. Watu wa pwani husimulia habari za Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyetumwa kumwua alikuwa mwanawe mwenyewe. Wajaluo husimulia habari za Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Udhaifu wake ulikuwa kivuli chake, na siri hiyo iligunduliwa na mke aliyeletwa kutoka kwa maadui. Superman naye hashindwi na risasi, lakini hulegea mbele ya jiwe liitwalo kryptonite. Jiwe hilo ni nini? Ni kipande cha sayari aliyozaliwa.

Waulize watoto mashujaa hawa watatu wanafanana kwa nini. Wapo watakaosema kwamba wote wana nguvu, na wapo watakaosema kwamba wote wana udhaifu. Ukisubiri, huenda mmoja akaona kwamba kila mara kinachomwangusha shujaa hutoka nyumbani: mwana, mke, sayari ya kuzaliwa. Mtoto aliyeliona hilo mwenyewe amefanya uhakiki wa fasihi.

Wala tusisahau kwamba sanaa ya vibonzo ina wenyewe katika nchi zetu. Wasomaji wa Taifa Leo walicheka miaka mingi na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Wasomaji wa Uhuru walikuwa na Chakubanga. Na Tanzania ilikuwa na jarida la Sani. Hao hawakuwa na nguvu za ajabu. Mwaka 2010 Kenya ilipata Shujaaz, kibonzo kilichoandikwa kwa Sheng, ambacho mhusika wake mkuu ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri. Nguvu yake ni sauti yake na habari anazozipata kwa vijana wenzake. Afrika Kusini mwaka 2014 ilipata Kwezi wa Loyiso Mkize. Mwalimu aweza kuwaweka hawa kando ya wale wa Marekani na kuuliza: Nguvu ni nini? Nani anayo?

Hatua za somo

Tunapendekeza hatua tano kwa Darasa la Tano au la Sita. Hazihitaji vitabu vingi. Kibonzo kimoja kilichochaguliwa na kusomwa chote na mwalimu kinatosha, au ukurasa mmoja uliochorwa upya kwa mkono kwenye karatasi ya manila.

Hatua ya kwanza ni kusoma picha bila maneno. Mwalimu afunike kwa vipande vya karatasi viputo vyote, yaani yale maduara yenye maneno ya wahusika. Wanafunzi waeleze wanachokiona, na kila asemaye aende mbele aweke kidole.

Hatua ya pili ni kusoma uwazi. Baina ya kisanduku cha picha na kinachofuata kuna nafasi tupu. Katika kisanduku kimoja mkono umeinuliwa. Katika kinachofuata mlango umevunjika. Kipigo hakikuchorwa popote, amekitia msomaji. Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993. Waulize wanafunzi: Nini kilitokea katika nafasi hii? Mlijuaje? Huu ni ufahamu uleule tunaoutaka wanaposoma kifungu cha maneno matupu.

Hatua ya tatu ni kuandika. Makundi yatunge maneno ya Kiswahili ya kujaza viputo vilivyofunikwa. Kiputo ni kidogo, na mtoto hulazimika kuchagua neno. Kisha mwalimu afunue au atafsiri maneno ya asili, na darasa lilinganishe.

Hatua ya nne ni baraza la wahakiki. Wanafunzi watano wakae mbele ya darasa. Msimulizi aeleze hadithi kwa ufupi bila kufichua mwisho. Mtetezi aonyeshe ubora wake. Mpinzani aonyeshe kasoro. Mtazamaji azungumzie michoro pekee. Karani aandike ubaoni kila hoja pamoja na ushahidi wake. Hoja isiyo na ushahidi isiandikwe. Wiki ijayo wabadilishane kazi, ili aliyetetea apinge na aliyepinga atetee.

Hatua ya tano ni hukumu ya maandishi. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu: mtungaji alikusudia nini, amefaulu au hakufaulu, na ushahidi uko wapi, kitabu hiki kinamfaa nani. Mwalimu asisahihishe hukumu. Asahihishe lugha, na aulize palipokosekana ushahidi.

Pingamizi

Twajua kwamba yako pingamizi, na baadhi yake ni za haki.

Husemwa kwamba mtihani hauulizi habari za Superman. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza ufahamu, utungaji na mantiki, na hatua zote tano ni mazoezi ya mambo hayo. Kipindi kimoja kwa wiki mbili si hasara.

Husemwa kwamba picha humfanya mtoto mvivu wa kusoma. Akiachwa peke yake huenda akapitisha macho tu. Hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha kukawia juu ya ukurasa mmoja kwa dakika 40.

Husemwa kwamba vitabu hivi ni vya Kiingereza na ni ghali. Twakubali, na ndiyo maana tumependekeza viputo vifunikwe na ukurasa uchorwe upya. Aidha vibonzo vya Kiswahili vya magazetini vyaweza kutumika vilevile, maana mwanafunzi akipata mazoea ya kuhakiki kimoja atahakiki na kingine.

Mwisho husemwa kwamba vina jeuri. Vingine vinayo, na mwalimu asivipeleke darasani. Lakini mtoto atavikuta njiani, kwenye simu ya ndugu yake au kwenye runinga ya jirani, mahali ambapo amri ya mwalimu haifiki. Pale ataingia na kile tu tulichomfundisha. Aliyefundishwa katazo pekee atatazama kwa kificho. Aliyezoea kuuliza nani ameumia, nani hana jina, nani amenyimwa sauti, atatazama huku anahoji.

Kabla ya kwenda mazoezini

Wanachuo wengi wanaosoma kurasa hizi watakwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao. Shauri letu kwao ni dogo. Kabla ya kuondoka chuoni, jikusanyeni wanne au watano, tafuteni kibonzo kimoja, mkisome mara mbili, kisha mkae mkihakiki kwa kufuata zile kanuni tatu. Mtagundua upesi kwamba kanuni ngumu si ya kwanza wala ya pili. Ngumu ni ya tatu: kuyarudia maoni ya mwenzako kwa haki kabla ya kuyapinga. Wengi wetu tuliopitia madarasa makubwa hatukufundishwa hilo.

Anayeliweza mezani pamoja na wenzake ataliweza pia mbele ya mtoto wa miaka kumi na moja anayesimama na kusema kwamba mwalimu ameielewa picha vibaya. Wakati huo mwalimu atakuwa na mambo mawili ya kufanya: kuyarudia maneno ya mtoto mpaka mtoto akubali kwamba ndivyo alivyosema, kisha kumwita mbele aweke kidole kwenye picha.